Habari za Edward Steere, Askofu wa Unguja

1. Lugha iliyokuwa na vyuo vyake

Kila siku watoto wa shule hufungua vitabu na kusoma Kiswahili katika herufi hizi tunazozijua. Ni wachache wajiulizao kitabu cha namna hii kilianzaje, na ni nani aliyetaabika ili kipatikane.

Sisi tukaao Magamba, karibu na Mpanda, tuko mbali sana na bahari. Wazee wetu walisema Kibende, Kipimbwe, Kikonongo na Kinyamwezi, na lugha hizo tungali twazisikia majumbani mwetu. Kiswahili kiliwafikia wazee kwa miguu. Kilikuja na misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora, na mingine ikashuka mpaka Karema, penye ziwa la Tanganyika. Misafara ile ilileta nguo na shanga, ikachukua pembe za ndovu, na mara nyingi ikachukua na watu. Wapagazi wakajifunza maneno ya pwani, wakarudi nayo makwao. Hivyo lugha ilisafiri katika njia ile ile ya huzuni.

Yafaa tujue kwanza kwamba Kiswahili hakikuwangoja Wazungu kipate kuandikwa. Watu wa Pate, Lamu, Mombasa na Unguja waliandika zamani sana kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728. Muyaka wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1840, alitunga mashairi yaliyokaririwa sokoni na vitani. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Basi, hazina ilikuwapo. Lakini vyuo hivyo viliandikwa kwa mkono, tena vilikaa katika nyumba za watu wachache. Mtoto wa maskini hakuweza kuvipata, na mtoto wa mtumwa hakuweza hata kuviota.

Habari tutakayosoma sasa ni ya mtu mmoja aliyesaidia kuileta lugha hii katika vitabu vya chapa, na namna alivyofanya kwanza kuwa mwanafunzi wa wale aliokuja kuwafundisha.

2. Utoto na elimu yake

Edward Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Tangu ujana wake alipenda vitabu, tena alipenda kazi za mikono. Alijifunza kupiga chapa kwa ajili ya kujifurahisha tu, wala hakujua kwamba kazi ile itakuja kumfaa sana siku za mbele katika nchi ya mbali.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akajifunza sheria. Mwaka 1850 akapewa shahada ya udaktari wa sheria, akawa wakili. Mtu mwenye elimu ya namna hiyo angaliweza kukaa London na kupata mali nyingi. Lakini moyo wake haukutulia katika kazi hiyo. Aliiacha, na mwaka 1856 akawekwa katika kazi ya Kanisa.

Kisha alihudumu katika wilaya ya Lincolnshire, nchi tambarare iliyo karibu na bahari. Watu wa huko walikuwa wakulima na wavuvi, nao hawakuwa na maneno mengi. Steere alisema nao kwa lugha nyepesi, akawasikiliza, nao wakampenda. Tabia hii ya kusema wazi na kusikiliza sana ndiyo iliyomwongoza maisha yake yote.

3. Safari ya Afrika

Katika wilaya ile Steere alikuwa na rafiki, jina lake William Tozer. Mwaka 1863 Tozer aliwekwa kuwa askofu wa misheni iliyotumwa Afrika ya Kati, baada ya askofu wa kwanza kufa kwa homa karibu na mto Shire. Tozer alihitaji mwenzi. Steere akakubali kumsindikiza, na nia yake ilikuwa kukaa naye kwa muda mfupi tu, kisha arudi kwao.

Walianza kwa kupanda mto Zambezi, wakajaribu kukaa katika mlima wa Morambala. Mahali pale palikuwa pabaya. Homa iliwashika, na watu wa nchi ile walikuwa wametawanywa na vita na njaa. Mwaka 1864 wakaondoka. Askofu Tozer akaona kwamba ni afadhali kuanza Unguja, mahali ambapo njia zote za bara zilikutana. Wakafika Unguja tarehe 31 Agosti 1864.

Wakati ule Unguja ulikuwa mji mkubwa wa biashara, chini ya Sultani Majid. Majahazi yalijaa bandarini. Palikuwa na karafuu, pembe, sandarusi na nazi. Na katika mtaa wa Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Humo watu wa makabila mengi waliuzwa kama mbuzi: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazaramo, Wanyamwezi na wengine wengi.

Siku si nyingi baada ya wageni wale kufika, Sultani alimpa Askofu Tozer wavulana watano, waliokuwa wametekwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni. Walikuwa wadogo, tena waoga. Walikwisha kutengwa na mama zao, na hawakujua tena njia ya kurudi kwao. Wala wageni hawakujua lugha ya wavulana, wala wavulana hawakujua lugha ya wageni.

4. Mwalimu anakuwa mwanafunzi

Hapo ndipo lilipotokea jambo gumu. Je, watoto hawa wafundishwe kwa lugha gani? Wengine walifikiri kwamba ingefaa wafundishwe Kiingereza, kwa maana Kiingereza kilikuwa na vitabu tayari. Steere hakuridhika na shauri hilo. Aliona kwamba mtoto aliyenyang'anywa nchi yake na wazazi wake, akinyang'anywa na lugha ya watu wanaomzunguka, atakuwa mgeni kila mahali. Atajua kusoma, lakini hatakuwa na mtu wa kumsomea. Tena atakaporudi bara hataweza kumfundisha hata jirani yake.

Basi Steere akaazimu kujifunza Kiswahili vizuri, jinsi kinavyosemwa Unguja. Haikuwa kazi rahisi. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha sarufi, nacho kilichapishwa mwaka 1850. Lakini Krapf alijifunza Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, nacho si sawa na Kiunguja katika mambo mengi. Steere alilazimika kuanza upya na kuuliza neno baada ya neno.

Akatafuta walimu. Mmoja wao alikuwa kijana Mswahili aliyeitwa Hamisi wa Kayi, mwenye akili nyepesi, ambaye alielewa upesi ni jambo gani mgeni anataka kujua, akamweleza wazi. Mwingine alikuwa Sheikh Mohammed bin Ali, mtu wa elimu nyingi. Steere alikaa nao, akauliza, akaandika, akasoma aliyoyaandika, nao wakamsahihisha. Daktari wa sheria wa London alikuwa hapo mwanafunzi, na watu wa Unguja walikuwa walimu wake. Katika vitabu vyake aliwataja na kuwashukuru, wala hakujifanya kwamba ameyajua yote peke yake.

Wavulana wale nao walikuwa walimu wake. Mtoto hujifunza lugha upesi kuliko mtu mzima, wala haoni haya kumcheka mtu mzima anapokosea. Kwa kusikiliza namna watoto walivyosema walipocheza na kufanya kazi, Steere alijua ni maneno gani yaliyo hai vinywani mwa watu, na ni maneno gani yaliyo ya wataalamu peke yao. Kiswahili alichokiandika hakikuwa kile cha mashairi ya zamani, kilichojaa maneno magumu. Kilikuwa Kiswahili cha nyumbani, cha sokoni na cha shambani, kilichosafishwa na kupangwa.

Kazi moja aliyoifanya ni kutazama namna majina yanavyokwenda. Aliona kwamba katika Kiswahili jina huongoza sentensi nzima. Tukisema mtu, basi ni mtu mzuri mmoja ameanguka. Tukisema kiti, basi ni kiti kizuri kimoja kimeanguka. Steere akayagawa majina katika mafungu manane, ili mgeni aweze kujifunza bila kupotea. Mswahili aliyafuata mafungu hayo tangu kuzaliwa kwake bila kufundishwa na mtu. Lakini yalipoandikwa, kila mtu aliweza kuona kwamba lugha hii ina utaratibu mzuri, wala si maneno yaliyokusanywa ovyo.

5. Mtambo wa chapa

Steere alikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa. Sasa ile kazi aliyoijifunza katika ujana wake kwa kujifurahisha ikawa ya lazima. Akawafundisha wavulana kupanga herufi.

Yafaa nieleze kazi hiyo, maana siku hizi watoto hawaioni. Herufi za chapa zilikuwa vipande vidogo vya madini, na sehemu kubwa ya madini hayo ilikuwa risasi, kama ile iliyochimbwa hapa Mpanda katika miaka ya 1950. Kila kipande kina herufi moja tu, tena imegeuzwa kinyume kama uso katika kioo. Mpangaji huchukua kipande kimoja kimoja, akakiweka katika mstari, neno baada ya neno, mpaka ukurasa ujae. Ndipo hupaka wino, akaweka karatasi juu yake, akakandamiza. Akikosea herufi moja, kosa lile litatokea katika kila karatasi. Kwa hiyo kazi hii hufundisha uangalifu na subira.

Wavulana waliokombolewa utumwani wakapanga herufi za vitabu vidogo vya hadithi, vya sala na vya kusomea. Fikirini jambo hili. Miaka michache kabla yake walikuwa wamehesabiwa kama mizigo katika jahazi. Sasa mikono yao ilitengeneza vitabu, na vitabu hivyo vilikuwa katika lugha waliyoisema wenyewe. Kwa mambo yote aliyoyafanya Steere, nadhani hilo lilikuwa kubwa.

6. Vitabu vya mwaka 1870

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, akakaa huko miaka michache. Hakuiacha kazi yake. Mwaka 1870 vilitoka London vitabu viwili vikubwa. Cha kwanza kilikuwa kitabu cha kufundisha Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, chenye sarufi na maneno. Kitabu hiki kilipigwa chapa mara nyingi baada ya kufa kwake, na wageni wengi waliokuja pwani walijifunza kwacho.

Cha pili kilikuwa kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Kwa upande mmoja ziliandikwa kwa Kiswahili, na kwa upande wa pili kwa Kiingereza. Humo mna hadithi za sungura na simba, za masultani na paa, na habari za Liongo, shujaa na mshairi wa zamani. Mna na Kisa cha Punda wa Dobi, ambamo kima alimdanganya papa kwamba ameuacha moyo wake juu ya mti. Bibi na babu walikuwa wakisimulia hadithi hizo jioni, na asubuhi hakuna aliyebaki nazo ila katika kichwa chake. Sasa ziliandikwa jinsi zilivyosimuliwa.

Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Watu wengi wa Ulaya wa siku zile walidhani kwamba mtu wa Afrika hana mawazo marefu wala hadithi nzuri. Waliposoma kitabu kile waliona hekima, mzaha, huruma na ujanja, kama walivyo navyo watu wa nchi zote. Hakuna haja ya kubishana na mtu anayesema nyumba ni tupu. Mfungulie mlango aingie.

Tena Steere hakukusanya Kiswahili peke yake. Aliandika vitabu vidogo vya lugha nyingine za nchi hizi: Kisambaa, Kiyao, Kimakonde, na Kinyamwezi kama kinavyosemwa Unyanyembe. Unyanyembe ni nchi ya Tabora, mahali tunapopita tukisafiri kwa reli kutoka Mpanda. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye hakufika kwetu kamwe, aliandika maneno ambayo babu zetu waliyasikia na kuyaelewa.

7. Soko lafungwa

Mwaka 1872 Steere alirudi Unguja. Mwaka ule tufani kubwa ilikuwa imepiga kisiwa, ikaangusha minazi na mikarafuu mingi, na kuvunja vyombo baharini. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, akajiuzulu mwaka 1873. Wenzake walimtaka Steere ashike mahali pake, naye baadaye akakubali. Aliwekwa kuwa askofu huko London tarehe 24 Agosti 1874.

Kabla ya hayo lilitokea jambo ambalo watu walilingoja miaka mingi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa. Utumwa wenyewe haukuisha siku ile. Watu waliendelea kuuzwa kwa siri, na kuwekwa utumwani katika mashamba. Na katika Unguja utumwa ulikuwa haujakatazwa kwa sheria mpaka mwaka 1897. Lakini mlango mmoja mkubwa ulikuwa umefungwa.

Kiwanja cha soko kikapatikana, na siku ya Krismasi ya mwaka 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Steere mwenyewe alisimamia ujenzi. Alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tena paa lake lilikuwa la kuba ndefu bila nguzo za mbao. Watu wengi walisema kwamba paa lile litaanguka. Halikuanguka, na kanisa lile lingali limesimama. Watu waendao Unguja hulizuru mpaka leo, na wanapofika hapo hukumbuka wale waliouzwa mahali pale.

Katika kanisa lile watu walisali kwa Kiswahili. Zamani mahali pale Kiswahili kilikuwa lugha ya mnadani: ya kutaja bei, kusifu meno ya mtu na kupima nguvu za mikono yake. Sasa maneno yale yale yalitumika kumwita mtu ndugu. Lugha haina kosa lake yenyewe. Ni kama jembe au kisu. Hufanya lile analolitaka mwenye kuishika.

8. Safari za bara

Steere hakupenda kukaa kisiwani tu. Mwaka 1875 alipita Lindi, akaenda kwa miguu mpaka Mwembe, kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Mwaka 1876 akaondoka tena na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa. Wengi wao walikuwa wametoka katika nchi za kusini, nao walitamani kurudi karibu na kwao. Walipofika Masasi, waliona nchi ni nzuri, ina maji na miamba mikubwa ya kuwakinga, wakaomba wakae hapo. Steere akakubali. Ndivyo ilivyoanza misheni ya Masasi.

Watu wale hawakuwa kabila moja. Walitoka mbali mbali, nao wakajenga kijiji kimoja. Ni lugha gani iliyowaunganisha? Ni Kiswahili. Vivyo hivyo wanafunzi waliosoma Kiungani, karibu na mji wa Unguja, walipelekwa baadaye Masasi, Magila katika Usambara, na mpaka ziwa Nyasa, nao walichukua vitabu vya Kiswahili pamoja nao. Njia ya misafara ilikuwa imeleta lugha kwa mabavu. Sasa waalimu waliipeleka kwa mikono mitupu.

Pamoja na safari hizo, na ujenzi, na homa zilizomrudia mara kwa mara, Steere aliendelea kufasiri. Kila alipomaliza sehemu aliisoma mbele ya wenyeji wa lugha, akawauliza kama ndivyo wanavyosema. Kama wakisema sivyo, alibadili. Alipokufa, Agano Jipya lote lilikuwa limekwisha kufasiriwa. Wengine waliendelea na kazi, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891.

9. Kufa kwake

Mwaka 1882 Steere alikuwa Uingereza kwa ajili ya afya yake. Rafiki zake waliona kwamba amechoka, wakamsihi apumzike zaidi. Hakukubali, akarudi Unguja mwezi wa Agosti. Siku chache tu baada ya kufika, usiku mmoja alilala, wala hakuamka tena na nguvu zake. Akafa Jumapili, tarehe 27 Agosti 1882, mwenye umri wa miaka 54.

Alizikwa katika kanisa alilolijenga, nyuma ya altare. Hakuacha mali. Aliacha paa ambalo watu walidhani litaanguka, watu waliojua kusoma, na vitabu.

10. Mambo yaliyofuata

Baada ya kufa kwake lugha ilizidi kuenea. Wadachi walipoitawala nchi hii waliona kwamba Kiswahili kimeshapata njia, wakakitumia katika shule na kazi za serikali. Baadaye Waingereza walipotawala, ikawa taabu, kwa maana kila nchi na kila misheni iliandika kwa namna yake. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa, wakachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu vyote. Mwaka 1930 ikaanza kazi ya kamati ya lugha ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja.

Uchaguzi huo ulileta faida, tena ulileta hasara, na mwanafunzi mwema hutazama pande zote mbili. Faida ni kwamba kitabu kilichoandikwa Unguja kiliweza kusomwa Mpanda na Kampala. Hasara ni kwamba watu wa Mombasa na Lamu, ambao washairi wao ni wa zamani sana, waliona lugha yao imewekwa pembeni. Tena herufi hizi za Kirumi huonyesha vizuri sauti za Kiswahili, kama o na e, ambazo herufi za Kiarabu hazikuzionyesha wazi. Lakini mtoto aliyejifunza herufi hizi peke yake hakuweza kusoma vyuo vya wazee wake. Shukuruni kwamba walitokea watu wa kuvuka pengo hilo. Huko Mombasa Mwalimu Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka, akamsaidia Mwingereza William Taylor kuyaandika, na mwaka 1940 yakatolewa katika kitabu. Kama Mwalimu Sikujua asingalifanya kazi ile, sehemu kubwa ya mashairi yale ingalipotea.

Kisha wakaja waandishi wa nchi yetu wenyewe. Mkuu wao ni Shaaban Robert wa Tanga, aliyeishi tangu mwaka 1909 mpaka 1962. Yeye aliandika kwa herufi hizi mpya, lakini alishika utungo wa washairi wa zamani, akaunganisha vyuo vya pwani na vitabu vya shule. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wa makabila zaidi ya mia waliweza kusemezana bila mkalimani. Nchi nyingi hazikupata bahati hiyo. Na mwaka 2021 shirika la UNESCO liliichagua tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani.

Tusiseme kwamba Steere ndiye aliyeyafanya hayo yote. Kiswahili hakikuwa chake. Kilikuwa cha Hamisi wa Kayi, na cha Sheikh Mohammed bin Ali, na cha mabibi waliosimulia hadithi za sungura, na cha wavulana waliotolewa katika majahazi. Sifa yake ni kwamba alijua si chake; kwa hiyo aliuliza, akasikiliza, akaandika yale aliyoambiwa.

Nasi tuna lugha ambazo hazijapata mtu wa kuziandika namna hiyo. Katika vijiji vinavyotuzunguka wako wazee wenye hadithi, mafumbo na majina ya miti yote ya porini katika Kibende, Kipimbwe na Kikonongo. Maneno hayo hayamo katika vitabu vyetu vya shule. Mzee anapokufa huondoka nayo, na hapana mtambo wa chapa uwezao kuyarudisha. Kupenda Kiswahili hakutuzuii kuyatunza. Kalamu tunazo, na daftari tunalo, na kusoma tumefundishwa. Lililobaki ni kwenda kukaa chini karibu na mzee, kuuliza kwa heshima, na kunyamaza anapojibu.

Maswali

1. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi gani kabla ya vitabu vya chapa? Taja vyuo au washairi watatu.
2. Kwa nini Steere hakutaka wale wavulana wafundishwe kwa Kiingereza?
3. Taja watu waliomfundisha Steere Kiswahili.
4. Eleza kazi ya kupanga herufi za chapa. Kwa nini inahitaji uangalifu?
5. Ni jambo gani lililotokea tarehe 5 Juni 1873? Je, utumwa uliisha siku ile?
6. Kwa nini watu waliofika Masasi walitumia Kiswahili?
7. Kuchagua Kiunguja mwaka 1928 kulileta faida gani, na hasara gani?
8. Mwulize mzee wa kijijini kwako hadithi moja katika lugha ya nyumbani. Iandike kama alivyoisema, kisha mrudie umsomee, naye akusahihishe.